Unganisha Kwanza, Kata Baadaye: Mraba wa Kaniki na Marekani

Anayeanza kushona mfarishi wa viraka mara nyingi hukwama mahali pamoja. Anakata pembetatu zake zote, anazipanga vizuri mezani, kisha anaziunga moja moja. Pembetatu iliyokatwa hanamu haitulii. Ukiishika inavutika, ukiipitisha kwenye cherehani inapinda, na mraba ukimalizika kona moja imekwenda upande. Dawa ni kugeuza utaratibu: shona mikanda kwanza, pembetatu zije baadaye. Wasukaji wa mikeka wa pwani yetu hawana haja ya kuelezwa sana, maana nao husuka ukili mrefu kwanza, ndipo huushona kuwa mkeka.

Vitambaa viwili vinatosha, mradi visifanane hata kidogo kwa wepesi na uzito wa rangi. Hapa Kilwa jozi ninayoipenda ni kaniki na marekani. Katika karne ya 19 kaniki ya India na marekani isiyopaushwa, ambayo wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Zanzibar kwa merikebu zao, zilikuwa bidhaa za misafara iliyotoka Kilwa Kivinje kwenda Ziwa Nyasa. Na kabla ya vitambaa vya kuletwa, watu wa Kilwa Kisiwani walisokota pamba wenyewe: Neville Chittick alipochimba magofu yale miaka ya 1960 alikuta vigurudumu vya kusokotea uzi, vilivyochongwa kutokana na vigae vya vyungu. Kama kwenu kaniki haipandi kitandani kwa sababu ya mambo ya uganga, chukua kitenge cha rangi nzito. Kanga simshauri anayeanza kuikata. Pindo, mji na maandishi yake vikigawanywa mikanda vinabaki vurugu, na umbo la mraba halionekani.

Kaniki huchuja rangi. Iloweke peke yake, ifue, badilisha maji mpaka yabaki safi. Ukiiruka hatua hii, siku ya kwanza ya kufua marekani yako itageuka kijivu na hakuna sabuni itakayoirudisha. Kisha piga pasi vitambaa vyote viwili, maana hewa ya bahari huvitia unyevu hata vikiwa kabatini, na kitambaa chenye unyevu hakipimiki sawasawa. Angalia na pini zako: zenye kutu huacha madoa kwenye kitambaa cheupe.

Kwa miraba 20 nunua mita 1.6 ya kila kitambaa chenye upana wa sentimita 110 hivi. Tafuta mtande kwa kuvuta kitambaa huku na huku. Upande usiovutika sana ndio wenyewe. Kata mikanda kufuata mtande huo, upana sentimita 9, urefu usipungue 144. Utahitaji mikanda 10 ya kaniki na 10 ya marekani.

Unganisha mkanda mmoja wa kila rangi kwa urefu wake, ukiacha sentimita 1 ya mshono. Piga pasi ukilaza mshono upande wa kaniki, na ufanye hivyo kwa jozi zote bila kubadilisha. Faida yake utaiona muda si mrefu. Sasa pima. Kila rangi ionekane sentimita 8, na jumla iwe 16.

Kielelezo cha kuchorea pembetatu hakihitaji vyombo vya hesabu. Kata karatasi ya mraba yenye sentimita 32 kila upande, yaani mara mbili ya upana wa jozi yako. (Jozi ikitoka 15 na nusu, karatasi iwe 31.) Ikunje kona kwa kona mara mbili, ifungue, kisha kata robo moja kufuata mikunjo. Ibandike robo hiyo kwenye kadibodi ya boksi, na katikati ya kimo chake piga mstari sambamba na kitako.

Weka kielelezo juu ya jozi, mstari wake ukae juu ya mshono kabisa. Chora kwa chaki, kisha kipindue kichwa chini, chora tena, endelea hivyo mpaka mwisho, ndipo ukate kufuata mistari. Sentimita 144 zinatoa pembetatu 8: nne zina kitako cheusi na ncha nyeupe, nne kinyume chake. Hiyo ni miraba miwili. Na kwa kuwa kitako cha kila pembetatu kinafuata mtande, kingo za nje za mraba hazitavutika. Hanamu yote imefichwa ndani.

Panga pembetatu nne, ncha zote zielekee katikati, nyeusi na nyeupe zikipokezana. Unganisha mbili mbili, kisha nusu na nusu. Pale mishono inapokutana utahisi kwa kidole kwamba mmoja umelala huku na mwingine kule, ikikaa pamoja bila kurundikana. Ndiyo faida ya kulaza mishono yote upande wa kaniki. Choma pini hapo kwanza, halafu kwenye ncha. Usivute kitambaa, kiachie cherehani ikipeleke. Mshono mrefu wa mwisho ufungue pande zote mbili kwa pasi, la sivyo katikati patakuwa na fundo. Punguza vijipembe vinavyochomoza. Mraba uwe na sentimita 29 hivi, na mishazari yake miwili ilingane. Isipolingana, fumua mshono wa mwisho, kwa kawaida kosa liko hapo.

Miraba yote ikielekea upande mmoja, nyeusi itagusana na nyeusi na kuchora maumbo makubwa. Ukizungusha kila wa pili robo mzunguko, rangi zinafumana. Jaribu zote mbili sakafuni kabla ya kuunganisha, ukiwa umesimama mlangoni.

Minne kwa mitano inatoa kama sentimita 108 kwa 135, inamtosha mtoto. Vitabu vya Ulaya vitakuambia ujaze pamba katikati. Kwa joto la hapa Kilwa sioni haja, na sufi iache kwenye mito, kwani ikifuliwa ndani ya mfarishi hugandamana. Hata miezi ya kusi bitana peke yake hufaa. Kipande kimoja cha kanga kuukuu, ambacho huwa karibu sentimita 110 kwa 150, kinaenea: ziada ikate upande wa mwisho wa urefu, jina la kanga lisiguswe. Laza uso kwa uso, shona pande zote ukiacha nafasi ya shubiri moja, geuza, ziba kwa mkono. Mwisho piga mishono michache inayopenya tabaka zote mbili katika kila kona ya mraba, ili bitana isijitenge ikianikwa.