Kamera ndogo au kamera kubwa? Somo kwa kamati za Dilala



Katika mikutano yetu hapa Dilala swali moja limerudi mara nyingi. Kamati ikipata fedha kidogo ya kununua kamera, inunue ipi? Ile ndogo inayoingia mfukoni, au ile kubwa nyeusi yenye lenzi ya kutoa na kurudisha, kama ya watu wa televisheni? Vijana karibu wote wanataka kubwa. Sisi nasi tulianza na kubwa. Leo tunaeleza kwa nini tulibadili mawazo, na mahali gani kubwa bado inashinda.

Kwa nini kamati inahitaji picha

Dilala ni moja ya komini mbili za mji wa Kolwezi; ya pili ni Manika. Mji wetu umekaa juu ya shaba na kobalti, na kila mkaaji anajua maana yake: mgodi ukipanuka, nyumba zinaondoka. Huko Kasulo, ndani ya Dilala yenyewe, kobalti ilipogunduliwa chini ya viwanja mwaka 2014, watu walichimba mashimo hata ndani ya nyumba zao, na mwaka 2017 sehemu ya wakaaji ikahamishwa. Mwezi wa Septemba 2023 Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la hapa Kolwezi, walitoa ripoti juu ya watu waliofukuzwa katika maeneo kadhaa ya mji na pembeni yake, pamoja na Cité Gécamines.

Kuna mfano wa zamani zaidi ambao tunautumia katika mafunzo. Tarehe 24 na 25 Novemba 2009, tingatinga zilibomoa nyumba za watu wa Kawama, karibu na Kolwezi. Ubishi juu ya jambo lile ulidumu miaka. Mwaka 2014 Amnesty International ilitoa ripoti iliyotumia picha za setilaiti za kabla na baada ya ubomoaji, na picha hizo zilionyesha mamia ya majengo yaliyokuwapo na ambayo hayakuwapo tena. Tunashukuru setilaiti. Lakini setilaiti inaona paa. Haioni jiko, haioni kisima, wala haijui jina la mama aliyelala chini ya paa lile. Picha ya kutoka ardhini ndiyo inayoonyesha hayo, na inafaa ipigwe mapema, nyumba ikiwa bado imesimama.

Sheria inatupa nafasi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 34, inasema mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa faida ya wote na kwa fidia ya haki inayolipwa kwanza. Kanuni za migodi zilizorekebishwa mwaka 2018 zina kiambatisho cha XVIII kinachohusu kuhamisha jamii, kulipa fidia na kuwaweka watu upya. Ikifika siku ya kuhesabu mali, familia yenye orodha yake na picha zake haizungumzi kwa mdomo mtupu. Picha haichukui nafasi ya karatasi ya kiwanja. Inasimama kando yake.

Siku tuliyotoka na kamera kubwa

Kamera ile ilikuwa ya aina ya DSLR, ya wanaoanza. Ndani yake kuna kioo, na lenzi yake hubadilishwa. Tuliivaa shingoni, tukaingia mtaani asubuhi na barua ya komini mkononi. Kabla ya kufika avenyu ya tatu, habari ilikuwa imetutangulia: watu wa kampuni wamekuja kuhesabu nyumba. Wengine walifunga milango. Papa mmoja alianza kupanga matofali haraka katika uwanja wake, ili chumba kipya kihesabiwe nacho. Hatumcheki, katika hali yake huenda na sisi tungefanya vile. Lakini majirani walimwona, wakaanza kumwita mwizi wa fidia, na ugomvi ule ulituchukua majuma mawili kuutuliza.

Mchana, walinzi wa eneo moja la mgodi walitusimamisha. Barua tulikuwa nayo. Mlinzi hakuisoma, aliangalia lenzi tu, na tulikaa kwenye jua hadi jioni.

Hasara kubwa tuliigundua ofisini, tulipofungua picha. Zote zilikuwa zimepigwa na kijana mmoja, kwa sababu yeye peke yake alijua vifungo. Kilichoonekana ni kuta za mbele, nyumba baada ya nyumba, kama picha za mtu anayepita barabarani. Hakuna jiko. Hakuna choo. Hakuna mwembe hata mmoja.

Kamera inayopita mkono kwa mkono

Mara ya pili tuliazima kamera ya mfukoni, ya zamani, rangi ya fedha imechubuka. Tuliwapa watu wenyewe. Somo lilichukua muda wa kunywa chai: hapa unawasha, hapa unabonyeza nusu mpaka kisanduku kiwe kijani, kisha unabonyeza yote. Mama mmoja mzee, ambaye alikuwa hajawahi kushika kamera, alizunguka uwanja wake na kupiga kisima, choo, banda la kuku, miembe miwili, shamba la mihogo nyuma ya nyumba, na kaburi dogo pembeni. Sisi wenye diploma hatungepiga hata nusu ya vitu hivyo. Vyote vilistahili kuingia katika orodha yake.

Tangu siku ile tunaamini kwamba swali la kwanza si ubora wa picha. Ni nani anashika kamera. Kamera kubwa humfanya mshikaji kuwa mkubwa na wengine kuwa watu wa kupigwa picha. Katika mtaa ambako familia zilizotoka Kasai na familia za hapa bado zinatazamana kwa mashaka, na ambako wengi hawajasahau kufukuzwa kwa Wakasai miaka ya 1992 na 1993, jambo hilo si dogo. Mshikaji akiwa wa upande mmoja tu, picha zote zinakuwa za upande huo.

Tuliona hilo juu ya mpaka wa viwanja viwili. Familia moja ilimwita kijana apige ua wa miti, jirani hayupo. Jirani aliporudi alileta panga. Siku iliyofuata, mbele ya mkuu wa kata, tulipiga upya: wazee wa pande zote mbili wamesimama kwenye ua, kila mmoja ameweka mkono mahali anaposema mpaka unapita. Sehemu kubwa walikubaliana. Mita mbili hivi hawakukubaliana, na picha inaonyesha hizo mita mbili bila kuficha. Kisha kila upande ukapiga picha moja wenyewe kwa kamera ileile. Mpaka leo ubishi ule haujaisha, lakini panga halijarudi.

Je, mafundi wanasema nini?

Wanasema kubwa ni bora, na kwa jambo moja wana haki. Kisahani ndani ya kamera kinachopokea mwanga, katika DSLR za kawaida za wanaoanza, kina ukubwa wa milimita 22 kwa 15 hivi. Katika kamera nyingi za mfukoni ni milimita 6 kwa 4 na nusu. Kubwa inapokea mwanga karibu mara kumi na mbili. Ndani ya nyumba yenye dirisha dogo, au jioni umeme ukikatika, kamera ndogo inaleta picha yenye chembechembe kama mchanga, na kubwa inaleta uso safi. Betri nayo: Canon EOS 2000D, kwa mfano, hupiga picha zipatazo 500 kwa chaji moja, ndogo nyingi hufika 200 hivi.

Lakini vijana wetu wanaamini pia kwamba kubwa inaona mbali zaidi. Kwa lenzi inayouzwa pamoja nayo, ile ya 18 hadi 55, haioni mbali. Inavuta mara tatu tu. Ndogo nyingi huvuta mara tano, hata mara nane. Kuona mbali kwa kamera kubwa ni kununua lenzi nyingine, na pesa hiyo kamati haina.

Wanatuuliza tena juu ya megapikseli. Picha ya kuchapa ya santimita 10 kwa 15, ile inayobandikwa katika faili, inahitaji megapikseli 2 tu. Kamera ndogo ya miaka kumi na mitano iliyopita inatosha na kubaki. Tofauti ya 16 na 24 isiwanyime usingizi.

Simu je? Simu nyingi za leo zinapiga picha nzuri kuliko kamera ndogo ya zamani, na simu zimefanya kamera mpya za mfukoni kuwa chache madukani. Nyingi utakazopata zimekwisha kutumiwa. Mwenye simu atumie simu. Ila simu ni ya mtu, ndani yake kuna majina ya ndugu zake na mazungumzo yake, na siku ikinyang'anywa vyote vinakwenda. Tena, ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa na inapoteza tarehe iliyoandikwa ndani yake. Itume kama faili. Kamera ya kamati haina siri ya mtu.

Vumbi, betri na saa

Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi la malori linaingia kila mahali. Ukibadilisha lenzi ya kamera kubwa barabarani, vumbi linakaa juu ya kile kisahani na madoa yanaonekana katika kila picha. Ndogo haifunguki, ila lenzi yake inayotoka kama shingo ya kobe ikiingia mchanga hukwama, na kuitengeneza ni gharama kuliko kununua nyingine. Mfuko wa plastiki na kitambaa safi vinaokoa zote mbili.

Kuna ndogo zinazotumia betri za kawaida za sokoni, za ukubwa wa AA. Sisi tunazipenda hizo mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha, lakini mwe macho: betri za bei ya chini hufa baada ya picha chache. Nunueni nne za kuchaji.

Saa ya kamera ndiyo iliyotuaibisha zaidi. Kamera ikikaa muda mrefu bila betri, saa inarudi nyuma. Hatukuangalia. Faili ya familia moja ilifika mbele ya ofisa ikiwa na picha zenye tarehe ya miaka kabla familia haijanunua kiwanja, naye akauliza, kwa haki kabisa, tumepigaje nyumba ambayo haijajengwa. Tulirudia kazi yote. Sasa picha ya kwanza ya kila siku ni ya karatasi yenye tarehe, jina la avenyu na namba ya kiwanja, iliyoshikwa na mwenye nyumba.

Kadi ikijaa msifute kitu. Nakili mara mbili, nakala moja ikae nje ya mtaa, na picha ya asili isiguswe: msiikate, msiing'arishe.

Ruhusa

Katiba, kifungu cha 31, inalinda maisha ya binafsi ya kila mtu. Omba kwanza, na mtu akikataa, kukataa kwake kuheshimiwe. Mpangaji anayo haki ya kusema hapana hata kama mwenye nyumba amesema ndiyo. Msipige nyuso za wachimbaji wa mkono, na hasa za watoto; picha iliyopigwa kwa nia njema inaweza kutumika kumkamata mtu. Barua ya komini itangulie kamera, na mkuu wa kata ajue siku na saa.

Tunachoshauri

Kwa orodha ya nyumba, viwanja na mipaka, nunueni ndogo. Kwa hesabu tuliyofanya sisi, bei ya kubwa moja mpya ilitosha kwa ndogo mbili zilizotumika, kadi zake na betri. Ndogo mbili ni mikono miwili, na mmoja unaweza kuwa wa mama. Kubwa tumeiweka ofisini. Inatoka siku za ushuhuda ndani ya kanisa lenye giza, na siku tunapotaka picha ya kuchapa kubwa ya kutundika. Siku hizo watu wamevaa vizuri na wanaitaka wenyewe.

Kwa mkutano ujao, kila kamati ifanye zoezi hili. Chagueni uwanja mmoja, kwa ruhusa ya mwenyewe. Apige kwanza kijana, kisha mama wa nyumba, kisha jirani, kila mmoja picha kumi, bila kuambiana. Zitazameni pamoja, mkaandike vitu ambavyo mmoja aliviona na wengine hawakuviona. Leteni orodha hizo tutakapokuja. Tungependa kuziona, pamoja na picha za choo.