Pepopunda: jina lisikupoteze

Mtoto amenyonya vizuri siku mbili za mwanzo, kisha, kati ya siku ya 3 na ya 28, taya linakaza, hawezi kunyonya, na akiguswa tu anakakamaa. Wengi husema ni shetani. Kisomo msiache, lakini asomewe mkiwa njiani kwenda hospitali.

Katika shina la ubongo na uti wa mgongo, mishipa ya fahamu inayoamuru misuli ikaze ina mingine ya kuizuia. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi. Vikiingia kitovuni kwa wembe mchafu au kwa kinyesi cha ng'ombe kinachopakwa, hutoa sumu inayopanda hadi huko na kuinyamazisha ile inayozuia. Misuli hukaza bila breki. Mishipa ya taya ni mifupi, ndiyo maana taya hutangulia. Sumu ikishanasa hakuna dawa ya kuing'oa. Mishipa huchipua miunganisho mipya polepole, wiki kadhaa.

Mama mjamzito achanjwe. Anayetahiri atumie wembe mpya kwa kila mtoto. Aliyepona naye achanjwe, kwani ugonjwa huu hauachi kinga mwilini.