Mbwa Mwenye Adabu: Somo kwa Kila Boma

Katika Kaunti za Migori na Homa Bay, mbwa ni askari wa boma. Hulinda ng'ombe usiku, hufukuza tumbili mashambani na humjulisha mwenye nyumba kwamba kuna mtu langoni. Lakini mbwa huyo huyo ndiye anayemkimbiza mwanafunzi njiani, anayemwangusha mwendeshaji wa bodaboda, anayekula omena wa jirani walioanikwa ufuoni na anayemwuma mgeni aliyekuja kutoa pole. Mara nyingi tofauti kati ya mbwa wa faida na mbwa wa hasara hutokana na malezi zaidi kuliko aina ya mbwa.

Jambo hili linaihusu serikali ya kaunti moja kwa moja. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limezikabidhi kaunti huduma za mifugo, udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Hata hivyo, hakuna afisa anayeweza kumfunza mbwa wa kila boma. Kazi hiyo ni ya mwenye mbwa na watu wa nyumbani kwake, na haihitaji fedha nyingi. Inahitaji dakika chache kila siku, kipande cha chakula na subira.

Mbwa hujifunza vipi?

Mbwa hurudia tendo lililomletea faida na huacha lile lisilomletea chochote. Akikaa chini akapewa omena mmoja mkavu, atakaa tena. Akiruka juu ya watu wasimjali, baada ya muda ataacha kuruka.

Wakati ndio siri kubwa. Zawadi itolewe papo hapo, kabla sekunde mbili hazijapita tangu mbwa afanye jambo jema. Ikichelewa, mbwa hataweza kuihusisha na tendo lake. Adhabu nayo ina tatizo hilo hilo. Mtu anayemchapa mbwa jioni kwa sababu ya kuku aliyeliwa asubuhi hamfunzi kuacha kuku. Anamfunza kumwogopa mwenye fimbo.

Kosa lingine la kawaida ni kumwita mbwa kisha kumpiga anapofika. Mbwa huelewa kwamba kuitwa ni kuitiwa kipigo, na siku ya hatari, gari likija au ng'ombe wakivuka barabara, hatakuja. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mafunzo ni kwamba mbwa akiitwa akaja, apokewe vizuri hata kama amechelewa.

Samaki mkunje angali mbichi

Mtoto wa mbwa huwa tayari zaidi kuzoea mambo mapya kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 ya maisha yake. Katika kipindi hicho azoeshwe watoto, wazee, wageni, kuku, mbuzi, mlio wa pikipiki na kelele za watu wengi. Mbwa aliyefungiwa nyuma ya jikoni miezi yote ya utoto wake hukua akiogopa kila kitu kigeni, na mbwa mwenye hofu huuma upesi.

Mafunzo hayo yafanyike nyumbani na kwa majirani wanaojulikana. Mtoto wa mbwa ambaye hajachanjwa asipelekwe sokoni wala ufuoni penye mbwa wanaozurura, kwa kuwa anaweza kuambukizwa magonjwa.

Mbwa mkubwa pia hufunzika, ila huchukua muda mrefu zaidi, hasa kama ana mazoea ya miaka mingi.

Neno moja kwa jambo moja

Maboma mengi ya eneo hili yana lugha kadhaa. Baba humwambia mbwa "Njoo", nyanya humwambia "Bi" kwa Dholuo, na kijana wa sekondari humwita kwa Kiingereza. Kule Kuria, Igikuria nacho huongezeka. Mbwa haelewi lugha, hutambua sauti. Akisikia sauti tatu tofauti kwa jambo moja, huishia kutozijali zote.

Kabla ya mafunzo kuanza, watu wa boma wakae pamoja wachague maneno. Lugha yoyote inafaa mradi wote watumie neno lile lile. Wakubaliane pia kuhusu masharti. Ikiwa mbwa haruhusiwi jikoni, asiruhusiwe na yeyote. Mtoto mmoja anayempenyezea chakula jikoni hubomoa kazi ya wengine wote.

Masomo matano ya msingi

Somo lifanyike kabla ya chakula, mbwa akiwa na njaa kidogo. Dakika 5 hadi 10 asubuhi na jioni zinatosha. Zawadi iwe ndogo: omena mmoja, au kipande cha ugali kilichochovywa kwenye mchuzi.

1. Kuja. Mwite mbwa kwa jina lake, kisha tamka neno la kumwita mara moja tu. Akifika, mpe zawadi na umsifu. Anza kwa hatua chache na uongeze umbali siku hadi siku.

2. Kukaa. Shika chakula karibu na pua yake, kisha uinue mkono polepole kuelekea juu ya kichwa chake. Akifuata chakula kwa macho, makalio yatashuka chini yenyewe. Hapo hapo tamka neno la kukaa na umpe zawadi. Usimkandamize mgongo.

3. Kuacha. Ficha chakula ndani ya ngumi. Mbwa atanusa, atalamba na kukwaruza. Subiri. Akirudisha kichwa nyuma, tamka neno la kuacha na umpe chakula kutoka mkono wa pili. Somo hili ndilo litakalookoa kuku na omena.

4. Kwenda mahali pake. Tandika gunia kuukuu sehemu moja yenye kivuli. Mwelekeze mbwa hapo na umpe zawadi akiwa juu yake. Ongeza muda kidogo kidogo hadi aweze kulala hapo wageni wanapoingia.

5. Kutembea na kamba. Mvike ukanda wa shingoni usiombana. Vidole viwili vipite kati ya ukanda na shingo. Akivuta, simama. Kamba ikilegea, endelea na safari. Atajifunza kwamba kuvuta hakumfikishi popote.

Mbwa akishindwa mara kadhaa, rudi kwenye hatua rahisi zaidi. Maliza kila somo kwa jambo analolijua ili aondoke akiwa na hamu ya kesho.

Adabu ndani ya boma

Wageni. Anayekuja apige hodi langoni na asubiri. Mwenye boma amwelekeze mbwa mahali pake kabla ya kumkaribisha mgeni. Kukiwa na matanga, harambee au sherehe, watu huingia na kutoka usiku na mchana, na hata mbwa mpole anaweza kubabaika. Siku hizo afungiwe mahali tulivu penye kivuli na maji, mbali na njia ya watu.

Kuku. Mbwa akiwa na kamba, keti naye umbali ambao anaona kuku bila kuwarukia. Akiwatazama kisha akageuka kumwangalia mwenyewe, apewe zawadi. Msogeze karibu polepole kwa siku kadhaa. Asiachwe peke yake na vifaranga hadi aaminike.

Watoto. Mtoto asimsumbue mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha. Asimvute mkia wala kumpanda mgongoni. Mtoto mdogo asiachwe na mbwa bila mtu mzima, hata kama mbwa huyo amekua naye. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa takriban asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kumfunga. Mbwa anayefungwa mnyororo mfupi mchana kutwa huwa mkali kwa kero na upweke. Ua au lango linalofungika ni bora zaidi. Pasipo na ua, tumia kamba ndefu kivulini, maji yawe karibu, naye afunguliwe kila siku kunyoosha viungo.

Adabu nje ya boma

Wengi hujiuliza kwa nini mbwa hafi moyo kukimbiza bodaboda. Sababu ni kwamba kwa hesabu yake hushinda kila mara: yeye hubweka, pikipiki huondoka. Kila safari humthibitishia kwamba mbio zake zimefaulu. Dawa ni kumnyima ushindi huo. Afungiwe saa ambazo njia ina shughuli nyingi, hasa asubuhi na alasiri wanafunzi wanapopita. Kisha, akiwa na kamba, akae mbali na barabara apewe zawadi kila pikipiki inapopita naye ametulia. Mwendeshaji anayemfahamu anaweza kuombwa apite taratibu mara kadhaa.

Wanaoishi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, wana wajibu wa ziada. Ruma ni makao ya korongo, swala wakubwa ambao idadi yao nchini Kenya imepungua mno. Mbwa anayezurura huweza kuua ndama wa wanyamapori na kueneza magonjwa. Asiachwe kuvuka ua wa hifadhi.

Watoto nao wafunzwe jinsi ya kukutana na mbwa wasiyemjua. Wasikimbie wala kupiga kelele. Wasimame wima kama mti, mikono ikiwa imeshikamana na mwili, wasimkazie macho, kisha waondoke polepole mbwa akipoteza hamu. Wakiangushwa, wajikunje na kufunika shingo na masikio kwa mikono.

Ukali si ulinzi

Wapo wanaoamini kwamba kumlisha mbwa pilipili, kumnyima chakula au kumpiga humfanya mlinzi bora. Pilipili humwumiza tumbo, njaa humfanya mwizi, na kipigo humfanya asiyetabirika. Mlinzi mzuri hubweka mgeni anapokaribia na hunyamaza anapoamriwa. Aidha, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inafanya kumtesa au kumwacha mnyama na njaa kuwa kosa.

Mbwa mpole aliyegeuka ghafla kuwa mkali apelekewe mtaalamu wa mifugo. Huenda ana maumivu, au ana ugonjwa hatari zaidi.

Mafunzo hayachukui nafasi ya chanjo

Mbwa mwenye adabu ambaye hajachanjwa bado ni hatari. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya mwaka 1912 kwa mbwa karibu na Nairobi. Duniani, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, hakuna tiba ya kumwokoa. Lakini unazuilika kabisa. Kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo hukata maambukizi, na Kenya ina mpango wa kitaifa wa kumaliza vifo hivyo ifikapo mwaka 2030.

Mtoto wa mbwa achanjwe afikapo miezi 3, kisha kila mwaka. Hapa ndipo mafunzo yanapolipa: mbwa anayekuja akiitwa na kutulia na kamba huchanjwa kwa dakika moja. Asiyekamatika hurudi nyumbani bila chanjo, na boma zima hubaki hatarini.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa:

1. Aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15.

2. Aende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa anajulikana. Mitishamba na jiwe jeusi haviui virusi.

3. Amalize dozi zote za chanjo kwa tarehe alizopewa. Ugonjwa huweza kukaa mwilini miezi 2 au 3 kabla ya dalili kutokea, hivyo kujisikia mzima si sababu ya kuacha.

4. Tukio liripotiwe kwa afisa wa mifugo. Mbwa asiuawe kiholela. Afungiwe mahali salama na achunguzwe kwa siku 10.

Mahali pa kuanzia

Juma hili, kila boma lenye mbwa linaweza kufanya mambo matatu: kuchagua maneno yatakayotumiwa na wote, kuanza somo la kuja kwa kuitwa, na kutafuta kadi ya chanjo kuangalia tarehe. Ikiwa kadi haipo au mwaka umepita, ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo itaeleza lini na wapi chanjo inatolewa. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini si lazima kungoja siku hiyo. Mtoto wa jirani hupita njia ile ile kwenda shuleni kila asubuhi.