Kisu Kipya cha Mhunzi wa Kijapani katika Jiko la Kampala

Kinatofautiana vipi na visu vya kawaida vya mpishi?

Tofauti kubwa ni ugumu wa chuma na wembamba wa bapa. Visu vingi vya Ulaya vina ugumu wa 56 hadi 58 kwenye kipimo cha Rockwell. Vya wahunzi wa Kijapani huanza karibu na 60, na vingine hufika 65. Chuma kigumu hustahimili makali membamba, ndiyo maana hunolewa kwa pembe ya nyuzi 10 hadi 15 kila upande, huku cha Ulaya kikikaribia nyuzi 20. Lakini ugumu una gharama yake. Kisu laini kikigonga mfupa makali yake hupinda, na kupinda hunyooshwa. Kigumu humeguka, na palipomeguka hapana dawa ila kusaga chuma mpaka pengo liishe.

“Kimetengenezwa kwa mkono” maana yake ni nini hasa?

Haina maana kwamba hakuna mashine. Karakana nyingi hutumia nyundo ya umeme na mawe makubwa ya kusagia, na baadhi hununua chuma ambacho tabaka zake zimeshaunganishwa kiwandani. Mkono wa fundi huonekana katika kukadiria moto, kuzimisha chuma, kunyoosha bapa na kuchonga unene. Mjini Sakai, karibu na Osaka, kazi hugawanywa: mmoja hufua, mwingine hunoa, wa tatu hutia mpini. Alama za nyundo zinazopamba ubavu si ushahidi wa lolote, kwa kuwa mashine nayo huweza kuzipiga.

Kinapotoka kwenye boksi, kikaguliwe vipi?

Kabla ya kukata chochote, kishikwe mpini ukielekea jichoni na mgongo juu, kama fundi seremala anavyokagua ubao. Mstari wa mgongo uwe mnyoofu hadi kwenye ncha. Kisha makali yaelekezwe kwenye taa: makali mazuri hayaonekani, na popote panapong'aa kama uzi mweupe pana butu au pengo. Bapa litazamwe kwa upande wa kisigino pia, maana hapo ndipo unene ulio nyuma ya makali hujidhihirisha. Mwisho ni mpini. Mipini ya asili ni ya mti mwepesi, aghalabu yenye pete ya pembe ya nyati, na haipaswi kuacha mwanya unaoingiza maji pale chuma kinapozama.

Jaribio la nyanya hupendwa sana, lakini halisemi mengi. Kisu chochote kilichonolewa jana hupita ngozi ya nyanya. Kipimo cha kweli ni kiazi kitamu au karoti nene. Kisu kinene hupasua kabla hakijakata, na mpasuko husikika. Chembamba hupita kimya. Ubutu huondolewa kwa jiwe kwa muda mfupi, ilhali unene ni kasoro ya umbo, na kuupunguza ni kazi ya fundi.

Makali ya siku ya kwanza nayo yasiaminiwe kupita kiasi. Mara nyingine ni membamba mno, humeguka vipande vidogo visivyoonekana kwa urahisi, kisha hutulia baada ya kunolewa mara moja au mbili.

Kinafaa kumenya matooke?

Hakifai. Matooke humenywa mkononi, si ubaoni, na bapa la sentimita 21 ni refu mno kwa kazi hiyo. Tena utomvu wa ndizi una tanini, ambayo ikikutana na chuma kisicho na kromu huacha weusi kwenye kisu na hata kwenye chakula. Kisu kidogo cha bei nafuu cha sokoni hushinda hapa bila ubishi.

Na mihogo, mifupa ya mbuzi, kichwa cha sangara?

Hivyo ni vya panga au kisu kizito. Wahunzi wa Afrika Mashariki wamezoea kufua visu kwa springi za magari mabovu, na Kampala ina mafundi wake wa chuma pale Katwe. Chuma cha springi kisipokazwa kupita kiasi huvumilia kishindo ambacho kingeharibu kisu cha Kijapani kwa pigo moja. Hiki cha pili kifanye kazi yake: vitunguu, nyanya, sukuma, nakati, nyama isiyo na mfupa.

Kutu je?

Shirogami, chuma cheupe kinachopendwa na wahunzi wengi, ni kaboni karibu asilimia 1 na chuma kitupu. Aogami huongezewa tangsteni na kromu kidogo, lakini nacho hushika kutu. Katika hewa yenye unyevu ya mji ulio kando ya Ziwa Victoria, kisu cha aina hizi kikiachwa na maji ya limau au nyanya huanza kubadilika rangi muda si mrefu. Rangi ya kijivu au buluu ni kinga. Nyekundu ni kutu, na ifutwe mara moja. Kioshwe kwa mkono, kikaushwe, kisilale kwenye sinki.

Kinaweza kupelekwa kwa mnoaji wa mtaani?

Kisipelekwe kwenye jiwe kavu la kuzunguka. Makali membamba hupata joto upesi, na yakipita nyuzi 200 za Selsiasi ugumu alioupata mhunzi kwa taabu hupotea. Kinahitaji jiwe la maji la namba 1000, kisha laini zaidi la 3000 au 6000.

Anayenunua cha kwanza achague kipi?

Santoku, yaani kisu cha Kijapani cha kazi nyingi, ya sentimita 17 hivi, yenye kiini cha kaboni kilichofunikwa ubavuni kwa chuma kisichoshika kutu. Makali tu ndiyo yatakayohitaji uangalizi. Jiwe la kunolea linunuliwe siku hiyo hiyo. Asiye na fedha ya vyote viwili asubiri.