Kabla ya Kumfungulia Mshauri Nasaha Moyo

Mtu anunuapo unga wa mahindi huugeuza mfuko akatazama alama ya ubora ya Shirika la Viwango na tarehe ya mwisho ya matumizi. Akikuta una wadudu, huurudisha dukani. Huduma ya ushauri nasaha haina mfuko wa kugeuzwa. Mteja huilipia kabla hajaijua, mara nyingi akiwa katika kipindi kigumu kuliko vyote maishani mwake, na siri akishaitoa hawezi kuirudisha. Ndiyo maana twahimiza uchunguzi ufanywe mapema, mteja angali nje ya mlango.

Nchini Kenya kazi hii husimamiwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, Nambari 14 ya mwaka 2014, iliyounda Bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni wahudumu wa fani hizo mbili. Daktari wa magonjwa ya akili yeye ni tabibu, na husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Tofauti hii ina uzito. Daktari huyo aweza kuandika dawa. Mshauri nasaha hawezi. Mshauri anayekuuzia vidonge, au anayekuamuru uache dawa ulizoandikiwa hospitalini, amekwisha kuvuka mpaka wa taaluma yake, hata kama maneno yake yanafariji.

Jambo linalowapotosha wateja wengi limetundikwa ukutani. Mteja huingia, akaona vyeti vimepangwa katika fremu, akatulia. Lakini vyeti hivyo havilingani. Cheti cha mafunzo chaeleza alichosomea mtu, basi. Semina ya siku tano hutoa cheti, na shahada ya uzamili hutoa cheti, na ukivitazama kutoka kitini vyote vina muhuri na sahihi. Hati ya uanachama wa chama cha wanataaluma ni jambo jema, kwa kuwa vyama huwa na kanuni za maadili, ila haichukui nafasi ya idhini ya kisheria. Idhini hiyo hutoka kwa Bodi pekee. Muulize mhudumu nambari yake ya usajili, kisha uihakikishe kwa Bodi yenyewe, wala si kwa picha atakayokutumia kwa simu. Angalia pia kama leseni ingali hai, na kama jina lililoandikwa ni la yule atakayeketi nawe. Zipo ofisi ambazo mwenye leseni ni mwenye ofisi, ilhali mteja hupokewa na mwanafunzi aliye katika mafunzo ya vitendo. Mwanafunzi kuhudumu chini ya usimamizi si kosa. Kosa ni mteja kufichwa.

Na lile neno “Daktari” kwenye kibao cha mlangoni? Laweza kumaanisha tabibu, laweza kumaanisha mwenye shahada ya uzamifu katika fani isiyohusiana kabisa na saikolojia. Uliza.

Wengi huona haya kuuliza, hasa wakiwa na msiba au ndoa inayovunjika. Simu ya dakika tano yatosha: umesajiliwa kwa nambari gani, umewahi kuwahudumia watu wenye shida kama yangu, kipindi kimoja ni cha muda gani na ada ni kiasi gani, nani mwingine atayaona maandishi yangu? Mhudumu aliyehitimu hujibu bila kununa. Naye atakueleza mipaka ya usiri kabla hujaanza kusimulia: aweza kulazimika kusema iwapo maisha ya mtu yamo hatarini, mtoto anadhulumiwa, au mahakama imeamuru. Anayekuahidi siri isiyo na mpaka wowote hajafundishwa vyema, au hasemi kweli. Kumbuka pia kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huziweka habari za afya yako miongoni mwa data nyeti.

Hatusemi kwamba mzee wa ukoo, imamu au mchungaji asisikilize shida za watu. Wamefanya hivyo tangu zamani, na wengi wamepata nafuu kwao. Twasema tu kuwa heshima hiyo si leseni ya kutoza ada kwa jina la taaluma.

Ondoka upesi mhudumu akikuhakikishia kupona kwa vipindi kadhaa vilivyohesabiwa, akikukopa fedha, au akikutaka kimapenzi. Hifadhi risiti, ujumbe wa simu na tarehe. Malalamiko kuhusu mwenendo wa mhudumu hupelekwa kwa Bodi, na jinai hupelekwa polisi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na haki ya fidia kwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro ya huduma.

Hayo yote ni ya mwenye muda wa kuchagua. Anayewaza kujiua, au aliye na mtu wa namna hiyo nyumbani, asingoje kuhakikisha nambari ya mtu yeyote. Aende hospitali iliyo karibu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Mtu asiachwe peke yake njiani.