Kamongo Akishika Kidole

Ukifika Kampi ya Samaki, kando ya Ziwa Baringo, asubuhi wavuvi wanaporudi, tazama ndani ya mtumbwi kabla hujatia mguu. Yule samaki mrefu mfano wa nyoka, mwenye mapezi membamba kama kamba, huenda alivuliwa alfajiri na bado yu hai. Huyo ni kamongo. Ana mapafu, anavuta hewa kama sisi, kwa hiyo kutolewa majini hakumuui upesi. Mtu hudhani amekufa, akaingiza kidole kinywani kuchomoa ndoano.

Asili yake si Baringo. Aliletwa miaka ya 1970, naye akalizoea ziwa. Hula konokono na samaki, na meno yake ni mabamba magumu ya kusagia magamba. Kidole hakimshindi.

Basi mpige rungu kichwani kabla ya kumgusa, umfunike kwa gunia. Ndoano ikiwa imeingia ndani, kata uzi, uichomoe baadaye ukimpasua. Akikushika, usivute kwa nguvu, maana utajichana zaidi. Mwenzako amtanue taya kwa kijiti kigumu. Vua pete mapema, kidole kitavimba. Osha jeraha kwa sabuni na maji safi mengi, si ya ziwa, kisha likandamize kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Majivu na mafuta ya taa yaache. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, uulizie sindano ya pepopunda.

Si wavuvi tu wanaoingia ziwani; vijana wa Nakuru nao huniuliza kama Baringo panafaa kuzamia kwa mtungi wa hewa. Nawakataza. Maji ni ya tope, na humo mna mamba na viboko, ambao ni hatari kuliko samaki yeyote. Nendeni pwani, Watamu au Diani, ambako mtaona kilicho mbele yenu. Huko nako, usitie mkono kwenye pango la mkunga, na vitu vinavyometameta viache hotelini, kwa sababu mzia huvirukia akidhani ni dagaa.

Turudi Baringo. Tangu ziwa lilipofurika, hasa mwaka 2020, mamba anaweza kuwa pale ulipokuwa unapita kwa miguu. Anayechota maji abadilishe mahali na saa, kwani mamba huvizia anapopaona pamezoeleka. Afunge ndoo kwa kamba, asimame mbali na ukingo.

Mamba akimjeruhi mtu, toeni taarifa upesi kwa chifu na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na mtunze karatasi zote za hospitali. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, na milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu. Kamongo hamo katika orodha ya wanyama wanaolipiwa, kwa hiyo rungu na liingie mtumbwini kabla ya ndoano.