Somo Letu: Mkulima wa Mbulu na Mbio za Kilomita 42



Mtu mzima akionekana anakimbia barabarani asubuhi, watu husimama wakatazama. Mmoja huuliza, "Kuna msiba?" Mwingine huuliza, "Ng'ombe wamepotea?" Wakiambiwa kwamba mwenzao anafanya mazoezi tu, hucheka. Eti mbio ni za watoto wa shule. Mtu mzima ana jembe lake, akimbilie wapi?

Sisi nasi tumechekwa hivyo hapa Matai. Maneno hayo tuliyasikia pia siku tulipoanza kisomo. Wengine walisema mtu mzima hawezi kushika kalamu. Leo wewe unasoma ukurasa huu. Basi tuzungumze juu ya mbio ndefu, na juu ya mkulima mmoja wa nchi yetu aliyezikimbia.

MARATHONI NI NINI?

Mbio ndefu tunazozisema huitwa marathoni. Urefu wake ni kilomita 42 na mita 195. Tupime kwa barabara tunayoijua. Kutoka Matai hadi Kasesya, mpakani na Zambia, ni kilomita kama 50. Ukiikimbia njia hiyo ukabakiza kilomita 8 hivi, umekimbia marathoni moja.

Marathoni ya kwanza ya Olimpiki ilikimbiwa huko Ugiriki mwaka 1896. Mshindi alikuwa Spyridon Louis, mtu wa kijijini aliyefanya kazi ya kubeba maji. Hakuwa na mshahara wa kukimbia. Mtu wa namna hiyo huitwa mkimbiaji wa ridhaa. Ana kazi yake ya kumlisha, na mbio anakimbia kwa kupenda mwenyewe.

Siku hizi watu wengi wa ridhaa hukimbia mbio ndefu. Huko Uingereza wengine hawakimbii barabarani, bali katika njia za miguu kando ya bahari. Hupanda majabali, hushuka, hukanyaga mchanga na matope. Wapo wanaojipangia mbio kadhaa za namna hiyo, moja baada ya nyingine. Wengi wao hawatazamii kushinda. Wanataka kufika mwisho, kisha wajiandae kwa safari nyingine.

AKHWARI HUKO MEXICO

John Stephen Akhwari alizaliwa Mbulu mwaka 1938. Alikuwa mkulima na mkimbiaji. Mwaka 1968 Tanzania ilimpeleka kwenye Olimpiki katika mji wa Mexico City.

Mji huo uko juu sana, mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Mahali pa juu hewa ni nyepesi. Mtu huvuta pumzi nyingi lakini hewa safi inayofika mwilini ni kidogo, hivyo huchoka upesi. Sisi wa Ufipa tunaishi juu, lakini huko ni juu zaidi. Akhwari hakuwa amefanya mazoezi mahali pa juu kiasi hicho. Mbio zikiwa zinaendelea, misuli ilianza kumkaza.

Kabla ya nusu ya njia wakimbiaji walisongamana. Akhwari akaanguka. Goti liliumia vibaya, na bega likagonga barabara. Waganga wakamfunga bandeji. Watu walidhani atapanda gari kurudi. Yeye akasimama, akaendelea, mara akikimbia, mara akitembea kwa kuchechemea.

Wakimbiaji 75 ndio walioanza siku ile ya tarehe 20 Oktoba. Waliomaliza walikuwa 57. Mshindi alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, aliyetumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari alifika wa 57, yaani wa mwisho. Alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Jua lilikuwa linazama na watazamaji wengi walikwisha kwenda zao. Wachache waliobaki walimwona akiingia na bandeji mguuni, wakasimama na kumpigia makofi.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile kwenda kuanza mbio tu. Ilimtuma kuzimaliza.

SEHEMU AMBAYO WENGI HAWAIJUI

Habari hiyo ya Mexico imesimuliwa mara nyingi. Lakini wengi huishia hapo, wakadhani Akhwari alikuwa mtu wa mwisho siku zote. Sivyo hata kidogo.

Alirudi nyumbani, akapona, akaendelea na mazoezi. Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh huko Uskoti, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Akakimbia marathoni tena. Safari hii alifika wa 5, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Ni muda mfupi kuliko ule wa mshindi wa Mexico, ingawa njia hazikuwa sawa na Edinburgh hakuna hewa nyepesi.

Hebu tufanye hesabu. Huko Mexico, Akhwari alitumia karibu dakika 4 na sekunde 52 kwa kila kilomita. Huko Edinburgh alitumia karibu dakika 3 na sekunde 12. Mtu ni yule yule, miguu ni ile ile. Kati ya safari hizo mbili kuna miaka 2 tu.

Hapo ndipo somo letu lilipo. Mwaka 1983 alipewa nishani ya shujaa wa Taifa. Watu wanamsifu kwa kumaliza akiwa ameumia, na anastahili. Lakini sisi tunaona kwamba kuanza tena baada ya kuwa wa mwisho ni kazi ngumu vile vile. Siku ile Mexico makofi yalipigwa. Asubuhi alizokuwa akifanya mazoezi baadaye, nani alikuwa akimpigia makofi?

Mfano wa karibu zaidi ni Alphonce Simbu wa Singida. Mwaka 2017 alikuwa wa 3 katika marathoni ya mashindano ya dunia huko London. Katika Olimpiki ya mwaka 2024 huko Paris hakupata nishani. Mwaka 2025, huko Tokyo, akawa wa kwanza duniani. Alimpita wa pili kwa sehemu 3 tu za sekunde iliyogawanywa mara 100. Ukipepesa jicho, umekosa kuona. Ilikuwa miaka 8 tangu ile nishani ya London.

UKITAKA KUANZA

Siku yetu ya kwanza sisi tulitoka mbio kama tunafukuzwa na nyuki. Kilomita ya tatu hatukufika. Tulikaa chini ya mti tukitweta, na mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la mahindi akatupita taratibu. Akatusalimu, akaenda zake. Tangu siku hiyo tunafuata mambo haya:

1. Anza polepole. Kimbia dakika 1, tembea dakika 2, kisha rudia. Ukiweza kuzungumza na mwenzako huku mnakimbia, mwendo ni mzuri. Ukishindwa kusema, punguza.

2. Ongeza kidogo kidogo. Usiruke kutoka kilomita 5 hadi 20 kwa sababu jirani amefanya hivyo. Kujiandaa kwa marathoni huchukua miezi mingi.

3. Pumzika. Siku uliyolima kutwa nzima, usijilazimishe kukimbia. Jembe nalo ni zoezi.

4. Kula chakula cha kutosha. Ugali na maharage hutia nguvu. Usikimbie mara tu baada ya kushiba.

5. Kunywa maji safi ukisikia kiu. Usijijaze maji mengi mno kwa mara moja. Hayo nayo huweza kudhuru.

6. Tazama njia. Ukitoka huku juu kushuka Kasanga, ziwani, mtelemko hupiga magoti na mapaja. Piga hatua fupi. Ukifika chini utakuta joto tofauti na baridi yetu ya Ufipa, na mchanga wa ufukweni hunyonya nguvu za miguu. Punguza mwendo, na uchague asubuhi na mapema. Mambo ni hayo hayo kwa anayekimbia pwani ya bahari.

WAKATI WA KUACHA

Hapa tuseme wazi, maana maisha ya mtu yanahusika. Mtu asije akasoma habari za Akhwari akajiua kwa ushujaa.

Uchovu na maumivu madogo ya misuli ni ya kawaida. Lakini ukisikia maumivu kifuani, kizunguzungu, au pumzi inakataa kabisa, acha hapo hapo. Kaa kivulini, mwite mwenzako, nenda zahanati. Ukimwona mwenzako kwenye jua kali anaongea maneno yasiyoeleweka, au anapepesuka kama mlevi, usimwambie ajikaze. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na mtafute msaada upesi. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari, na mama mjamzito, waulize mganga kwanza.

Kuacha kwa sababu hiyo siyo aibu. Katika wale 18 ambao hawakumaliza Mexico hatuwezi kusema wote walikuwa waoga. Mbio zitakuwapo mwaka ujao. Wewe je, utakuwapo?

Basi, ndugu wasomaji, siyo lazima kila mtu wa Matai akimbie kilomita 42. Mwingine marathoni yake ni kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Mwingine ni mama aliyeacha kisomo alipojifungua, na sasa anaona haya kurudi darasani kwa sababu wenzake wamemtangulia. Tunamwambia mama huyo: rudi. Akhwari naye alirudi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mkimbiaji wa ridhaa ni mtu gani?

2. Kwa nini Akhwari alichoka upesi huko Mexico City?

3. Fanya hesabu: waliomaliza walikuwa 57 kati ya 75. Je, ni sawa na wangapi katika kila watu 100?

4. Mwenzenu anaumwa kifua mbioni, naye anakataa kuacha. Mtamwambia nini?

5. Taja jambo moja uliloanza ukaliacha. Ni hatua gani ndogo unaweza kuichukua wiki hii ili uanze tena?